Mpungate wa Bi Aziza

Siku hizi mipungate mnaiweka mezani ofisini, kando ya kompyuta, kwenye vikombe vya chai visivyo na tundu chini. Majira ya joto mnaisahau, nayo inanawiri. Baridi ikiingia mnaionea huruma. Halafu mnanipigia simu: bibi, mpungate wangu umekuwa laini kama ndizi mbivu, nifanye nini? Ufanye nini tena, mwanangu, umeshafanya. Umeunywesha mpaka umeuzamisha.

Siwacheki. Mie nimetunza mipungate, mishubiri na jamaa zao wote wenye majani manene kwa miaka kumi na saba, katika nyumba ya wageni iliyoko njia ya kutoka Nizwa kwenda Al Hamra. Iliyonifia kwa kiu haifiki vidole vya mkono mmoja. Mingine iliyokufa niliiua kwa mapenzi, na karibu yote wakati wa baridi. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia haya. Mwiba wa mpungate ukikuingia mkononi unatoka baada ya siku mbili tatu. Yako mengine yaliyonipata kule ambayo hayakutoka upesi hivyo.

Kazi yenyewe sikuiendea. Nilikuja Omani kutoka Unguja nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikaolewa Ibra, nikazaa watatu, mume wangu akafariki watoto bado wako skuli. Kaka yangu alikuwa Nizwa, akanichukua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini akasikia kuna nyumba ya wageni inataka mwanamke wa kuangalia mashuka na mapazia, akanipeleka asubuhi moja. Nikashuka garini, nikamwona nyuma ya nyumba mzee wa kanzu nyeupe kalala kifudifudi juu ya changarawe, pua yake ndani ya chungu cha maua. Nikajua kaanguka. Nikamkimbilia huku napiga kelele kwa Kiswahili, kama nifanyavyo kila nikishtuka, nikamshika mkono nimwinue. Akanijibu kwa Kiswahili cha mjini kwetu, bila hata ya kuinua kichwa.

"Niache, mwanangu. Nanusa."

Huyo ndiye ami Khalfan. Namwita ami kwa heshima, udugu hatuna. Nyumba ilikuwa ya mpwa wake, bustani ilikuwa yake yeye. Alikuwa ameishi Cairo miaka mingi na mkewe, marehemu Bi Aziza, kabla ya kurudi Omani, na huko ndiko Bi Aziza alikoanza kupanda mipungate kwa mbegu, kwenye makopo ya dagaa, roshani ya ghorofa ya nne. Waliporudi walikuja na masanduku mawili ya nguo na saba ya mimea. Bi Aziza alifariki mwaka mmoja kabla mie sijafika pale.

Nilipomsalimia, shikamoo, marahaba, akaniuliza mtoto wa nani, mtaa gani, na kama pua yangu nzima. Akanisogezea vyungu viwili ninuse udongo wake. Kimoja kilinuka kama ardhi baada ya manyunyu. Kingine kilinuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilicholala majini. Nikamwambia hiki cha pili kinaumwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaingia ndani kumwambia meneja kwamba mashuka yatafutiwe mtu mwengine.

Haya, baridi yangu ya kwanza. Kwetu Unguja baridi yetu ni kipupwe, inakuja katikati ya mwaka, masika yameshapita na ardhi imeshiba. Unajifunika shuka na mambo yamekwisha. Nizwa baridi inakuja mwisho wa mwaka, kavu, na upepo unaoteremka kutoka mlima wa Jabal Shams unapasua midomo. Nilipoona midomo yangu inapasuka nikasema na mipungate nayo ina kiu. Nikayagusa maji ya falaj, ule mfereji unaopita ukutani, nikayaona ya baridi, yataidhuru. Basi kila asubuhi nikawa napasha maji jikoni, vuguvugu, kama ya kumkoshea mtoto mchanga, naipitia mimea mmoja mmoja, naisemesha.

Baada ya mwezi, mipungate kumi na mmoja ilikuwa imelainika. Ami Khalfan hakunigombeza. Alinipa koleo dogo na beseni, akaniambia niing'oe yote, nioshe mizizi, niitazame, ninuse. Tukafanya maziko kumi na moja siku moja. Kufika wa tisa nikaanza kulia, na yeye akasubiri mpaka nimalize, kisha akanisogezea wa kumi. Ndipo aliponieleza kwamba mpungate wakati wa baridi amelala, na mtu aliyelala hatiwi maji kinywani, atapaliwa.

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Cha kwanza alinifunza nani analala na nani yuko macho, maana si wote wanaolala pamoja. Mipungate ya mviringo na ile mirefu kama nguzo inalala kuanzia baridi inapoanza mpaka jua lirudi na nguvu. Lile waridi la jangwani, lenye shina nene kama paja, linalala fofofo mpaka linapukutisha majani yote, na kila mwaka napata simu za watu wanaodhani limekufa. Halijafa, liacheni. Lakini mishubiri mingi inaamka wakati huo huo wa baridi, hiyo unaipa maji kidogo kila baada ya wiki mbili tatu, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mimi nilikuwa nachanganya, nikafunga uzi mwekundu kwenye kila chungu cha aliyelala. Wageni wakidhani ni dawa ya husuda. Sikuwabishia, maana walikuwa hawavigusi.

Cha pili, usitazame udongo wa juu. Juu unakauka mchana mmoja, chini bado tope. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini, kiache muda wa kunywa kahawa, kitoe. Kikitoka na unyevu, rudi ndani kaendelee na shughuli zako. Ukishazoea utakiacha kijiti na utakinyanyua chungu tu; mkono utakuambia. Ami Khalfan alikuwa ananyanyua chungu huku anazungumza na mtu mambo mengine kabisa, akikirudisha chini anasema, "Wiki mbili," na anaendelea na mazungumzo yake.

Na nguo. Usiku wa baridi kali funika kwa nguo ya pamba, si nailoni. Nailoni inatoa jasho, na jasho la usiku likilala juu ya mpungate asubuhi utakuta madoa. Sisi tulikuwa tunafunika kwa kanzu kuukuu za ami Khalfan na kanga zangu zilizochakaa. Jioni ukipita barabarani utadhani kuna jamaa wamejipanga bustanini, wengine warefu, wengine wafupi, wanasubiri kuitwa kula.

Udongo ndio ulionitia aibu zaidi. Dada yangu anakaa Sur. Nilikwenda kumtazama, na katika kurudi tukapita Tiwi kupunga upepo. Nikaona mchanga wa pwani pale, mweupe, mwepesi, unapita vidoleni kama sukari. Nikasema hasa, huu ndio mchanga wa kuchanganyia udongo. Nikamwomba shemeji yangu, tukajaza magunia manne, gari ikawa inakwenda tako chini mpaka Bidbid, na kutoka Bidbid mpaka Nizwa shemeji hakunisemesha. Nikampelekea ami Khalfan kwa fahari. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akatia ulimini, akatema.

"Huu wa kukaangia njugu," alisema.

Ulikuwa na chumvi, bila shaka, bahari ile pale. Akanifunza kuonja. Toka siku hiyo sijapandia udongo ambao ulimi wangu haujaupitia, na mpaka leo naona ajabu watu wanaonunua udongo dukani ndani ya mfuko uliofungwa. Changanya na changarawe ya bondeni, iliyochekechwa na kuoshwa, nusu kwa nusu au zaidi, na chungu kiwe cha udongo kisichopakwa rangi. Basi. Na magunia yale manne kweli tulikaangia njugu, miaka miwili.

Nisimsahau Rashidi. Huyu alikuwa meneja, kijana wa miaka thelathini na kitu, Muomani mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, kimejaa maneno ya Kizungu. Kila kitu kwake kilikuwa sistimu. Mtu mwema, lakini hatazami anakokwenda. Siku moja alikuwa anawapiga picha wageni, anarudi kinyumenyume, mara akaangukia mpungate wa majani bapa, ule wenye vijiiba vidogo kama malaika ya mkono, vile vinyweleo. Mkono mzima kutoka kiwiko mpaka kidole ukajaa. Kibano hakifai pale, utatoa mpaka Ramadhani ya pili. Nikaingia jikoni nikapika sukari na ndimu, ile nta ambayo wanawake mnaijua, nikampaka, nikaivuta. Vijiiba vikatoka vyote. Malaika nayo ikatoka yote. Mkono mmoja ukawa laini kama wa biharusi, na mwingine umebaki wa Rashidi. Alivaa mikono mirefu miezi miwili, na mie nikapandishwa cheo, sijui kwa shukurani au kwa kunyamazishwa.

Ni Rashidi huyo huyo aliyeleta mipira ya matone. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ni mipira miembamba ya maji inayopita chini ya changarawe, ina vitundu, na mwanzo wake kuna saa inayofungua na kufunga maji yenyewe. Ami Khalfan hakuipenda. Alisema saa haina pua. Mimi niliipenda sana, kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kuniuma na ndoo zilikuwa nyingi. Tukaiweka majira ya joto, njia mbili, moja ya vyungu na moja ya kitalu cha katikati. Bustani ikapendeza, nami nikawa nakunywa kahawa nimekaa.

Katika kitalu cha katikati ndimo ulimokuwa mpungate wa Bi Aziza. Mviringo, mkubwa kama mtungi wa maji, miiba yake ya rangi ya dhahabu, jua likiupiga asubuhi unang'ara mpaka unafumba macho. Aliupanda kwa mbegu Cairo, kwenye kopo, mwaka aliojifungua binti yao Asya. Ami Khalfan alikuwa hapiti pale bila ya kuupa salamu. Hakuwa mtu wa kulia na kusimulia, na sikumsikia akimtaja mkewe zaidi ya mara tatu nne. Lakini kila asubuhi alikuwa anaugusa kwa mgongo wa vidole, hivi, juu ya miiba, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Baridi iliyofuata macho yake yakaharibika. Sukari. Asya akampeleka India kufanyiwa operesheni, na ilitazamiwa wakae huko wiki sita. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniambia niwafungie maji wote waliolala. Nikamwambia asitie shaka. Nikaenda kwenye saa, nikafunga. Nikafunga njia ya vyungu. Ile ya kitalu cha katikati ilikuwa na bomba lake na saa yake nyuma ya ukuta, na mie, wallahi, haikunipitia akilini kabisa. Juu changarawe ilikuwa kavu, nyeupe, unaweza kuanikia tende. Chini, kila alfajiri, mpungate wa Bi Aziza ulikuwa unanyweshwa na saa.

Juu ya hayo ikaja mvua, siku tatu mfululizo, mpaka njia ya bondeni ikafungwa. Ilipokwisha nikaona mpungate umeinama kidogo upande wa kusini. Nikasema unalifuata jua. Wiki nzima nilisema hivyo. Siku ya nane nikapiga magoti niondoe jani lililokwama, nikaegemea chini ya shina kwa dole gumba, na dole likaingia ndani.

Harufu niliijua. Ni ile ile aliyonipa ninuse siku ya kwanza.

Sasa sikilizeni, maana hii nayo ni kazi. Ukiona uozo umeanzia chini hakuna dawa ya kutia. Unakata, na unakata leo, kwa sababu kesho utakuwa umepanda vidole viwili zaidi. Lakini ule haukuwa wangu wa kuukata. Rashidi akasema tumsubiri mwenyewe. Nikampigia simu Asya. Akaniambia baba yake kafanyiwa operesheni jana, macho yote mawili yamefungwa bendeji, na daktari kakataza kitu kimoja kwa ukali: asilie.

"Chochote ulichonacho, da Zule, usimwambie," alisema. "Mwambie akirudi."

Nikakata simu, nikaenda jikoni kutafuta kisu.

Tuliuzungushia zulia kuukuu, Rashidi na mpishi wakaushika, nikauangusha ubavuni. Kisu nilikichoma moto, nikakisubiri kipoe, nikakata kipande cha chini. Ndani ulikuwa kahawia kama chai. Nikachoma kisu tena, nikakata kipande kingine. Bado kahawia. Cha tatu, duara la kahawia katikati, pembeni kijani. Cha nne, doa kama sarafu. Rashidi akaniambia inatosha, doa dogo hilo. Haitoshi. Ukiacha doa umeacha maradhi yote. Kipande cha tano kikatoka kisafi, kijani na cheupe kama tango, hata harufu yake ya tango. Ule mtungi ulikuwa umebaki kama bakuli. Nikapaka jeraha mdalasini wa unga, nikauweka stoo juu ya kapu la makuti lililopinduliwa, hewa ipite, jua lisiupate. Hapo kazi yako imekwisha. Unangoja. Wiki tatu jeraha linakauka linakuwa gumu kama ngozi, halafu unaukalisha juu ya changarawe kavu, na unangoja tena, na unaweza kungoja mpaka joto lirudi na usione mzizi hata mmoja.

Ami Khalfan alikuwa anapiga simu kila Ijumaa. Ataniuliza watoto, ataniuliza mgongo, ataniuliza vyungu. Mwisho ataniuliza, kama mtu asiye na haja sana ya jibu, mpungate wa Aziza hajambo? Nikajibu hajambo. Mara ya kwanza nilijiambia ni kwa ajili ya macho yake. Mara ya nne bendeji zilikuwa zimeshatoka, na bado nilisema hajambo.

Operesheni haikufaulu. Jicho moja lilizimika kabisa, la pili likabaki linaona mwanga na kivuli tu. Tulipopata habari kwamba anarudi, Rashidi akanijia na fikra. Nyuma ya bustani kulikuwa na mpungate mwengine wa aina ile ile, mdogo kidogo. Tuupandishe pale katikati juu ya kituta, alisema, mzee hatajua. Siwezi kumtupia Rashidi lawama. Yeye alisema neno, shimo nilichimba mimi.

Akaja. Asya kamshika mkono. Hata ndani hakuingia, alinyooka moja kwa moja mpaka kitalu cha katikati, nyayo zake zinaijua njia. Akainama, akapeleka mgongo wa vidole juu ya miiba, akauacha pale. Uso wake ukalainika. Akashukuru Mungu. Kisha akanigeukia upande alikoisikia sauti yangu, akaniombea dua, mimi na watoto wangu watatu, kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu nimemtunzia amana yake.

Nikaitikia amin.

Siku ya tatu alikuwa amekaa kitini pale pale kitaluni, anapigwa jua. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia saa mpaka shimo. Sikumtaja Rashidi. Akaniuliza kitu kimoja tu, uko wapi. Nikampeleka stoo. Akaupapasa juu, akaupapasa pembeni, akanyanyua, akapitisha kidole kwenye jeraha, duara zima, polepole, mpaka aliporudi alipoanzia.

"Umekata vizuri," alisema. "Ungeniambia, ningekusifu."

Basi. Hakupandisha sauti, hakunishtaki kwa mpwa wake. Lakini toka siku hiyo hakunisemesha ila neno la kazi. Kila asubuhi kiti chake kilihamia stoo, anakaa kando ya ule mpungate uliokatwa. Akitaka hewa atasema dirisha. Akitaka kivuli atasema pazia. Watoto hakuniuliza tena, mgongo hakuniuliza. Nilizoea kuchomwa, nyinyi mnajua kazi yangu ilivyo, lakini kile kimya sikukizoea hata siku moja. Nikaurudisha mpungate wa uongo mahala pake nyuma ya bustani. Nikaing'oa mipira ya matone kwenye kitalu cha katikati, nikarudi kwenye ndoo.

Asya alinisogelea siku moja akaniambia nisikate tamaa, baba yake ndivyo alivyo. Nikamwuliza alikaa muda gani bila ya kumsemesha yeye alipokosa. Akafikiri, akasema hakumbuki aliwahi kumdanganya. Alitaka kunifariji, masikini.

Baridi ikaanza kulegea. Waridi la jangwani likachomoza macho ya kijani. Nikaanza kufungua nyuzi nyekundu, chungu kimoja kimoja, na kutia maji ya kwanza, kidogo, asubuhi. Mpungate wa Bi Aziza ulikuwa bado umekaa juu ya changarawe kavu, umesinyaa, mbavu zimejikunja kama feni ya karatasi. Mie nilikuwa nimeshakata tamaa, ila sikuthubutu kusema.

Asubuhi moja niko uani nachekecha changarawe, nikasikia naitwa kutoka stoo. Kwa jina langu. Miezi miwili sijalisikia jina langu kinywani mwake.

"Zule, hebu njoo uniangalizie."

Nikaingia. Alikuwa ameupakata mpungate mapajani juu ya gunia, kaupindua, kidole chake kimesimama mahala pamoja kwenye lile jeraha gumu. Akaniambia kuna kitu kinamchoma hapa, hajui ni mwiba uliovunjika au ni nini. Nikapiga magoti, nikafungua dirisha kwa mkono mmoja, nikainamisha uso karibu. Katikati ya jeraha, vimepasua ngozi kavu, kulikuwa na vitu vyeupe, vyembamba kama tambi za Idi, vimejaa uhai.

Nikamwambia ni mizizi.

"Mingapi?"

"Mitatu."

Akanielekezea lile jicho lake la mwanga na kivuli. "Una hakika? Usinitilie mmoja wa zawadi."

Nikaitazama tena, mmoja baada ya mmoja, maana swali lile nililijua linauliza nini. "Mitatu, ami," nikamwambia. "Wa nne ni kidoti cheupe tu, bado haujatoka. Sikuuhesabu."

Akacheka kidogo, bila ya sauti, mabega yanatikisika, na mpungate mapajani ukatikisika naye. Akanyoosha mguu, akapapasa kwa kidole mpaka akalipata lile kapu la makuti, akalisukuma upande wangu nilikalie.

"Huo wa nne," alisema, "tuungojee pamoja."